Upinde wa mjomba warudi Palma, podo labaki Mtwara

“UMEBEBA nini humo ndani?”

Kila anayevuka Mto Ruvuma kwa biashara analifahamu swali hilo, na wengi wetu tuna jibu mdomoni kabla halijaulizwa: mchele, sabuni, mafuta ya kula, vitenge. Asubuhi ile mimi sikuwa na jibu la haraka. Juu ya robota langu la mitumba nilikuwa nimefunga mkeka mrefu ulioviringishwa, na ndani yake mlikuwa na upinde wa marehemu mjomba wangu, mishale kumi na mmoja na podo lake.

Afisa wa mpakani aliukunjua mkeka taratibu. Upinde aliutazama akauweka kando, mishale akaihesabu. Alipofika kwenye podo akapitisha kidole juu ya ngozi, kisha akaniuliza kwa upole ulionitisha kuliko ukali:

“Ndugu yangu, hii ngozi ya mnyama gani?”

Nikasema kweli. Ni ya pongo.

“Basi hii ni nyara ya serikali.”

Podo nitalirudia. Kwanza nieleze kwa nini muuza mitumba ahangaike kuvusha upinde katika zama hizi.

Sisi ni watu wa Palma. Machi 24, 2021 wapiganaji walipouvamia mji, tulitoka kwa miguu mimi, mama na wadogo zangu, tukafuata pwani kuelekea kaskazini hadi tukavuka. Mjomba alikuwa ametangulia. Yeye alihamia Msimbati, mkoani Mtwara, miezi michache baada ya mashambulizi ya kwanza ya Mocímboa da Praia, Oktoba 2017. Alisema miguu yake imekimbia vita vingi na haitaki kusubiri kuambiwa. Alikuwa kijana mdogo mapigano ya kudai uhuru yalipoanza Septemba 1964, na akakimbilia Tanganyika wakati huo pia. Safari hii hakurudi, alizikwa huko huko. Kwetu Wamakonde mtu humrithi mjomba wake, kwa hiyo upinde ukawa wangu, ingawa sikuwahi kuuvuta hata mara moja.

Mwaka 2023 tulirejea nyumbani. Nyumba ilikuwa haina paa, na shamba la mama la mihogo lilikuwa limegeuka kichaka kirefu kuliko mtu. Tukafyeka, tukapanda. Mihogo ilipoanza kuweka viazi, wakaja nguruwe mwitu. Asiyewajua adhani ni hadithi: kundi dogo tu linaweza kufukua matuta ya familia kwa usiku mmoja, na wasichokimaliza wanakiacha kimekatwakatwa kioze. Mchana wanakuja nyani kumalizia.

Tulipiga madebe. Siku tatu wakaogopa, siku ya nne wakazoea. Mitego ya waya mama aliikataa, maana waya hauchagui, hunasa hata mbuzi wa jirani. Gobore? Katika wilaya iliyopita vita hivi, nani athubutu kuonekana ameshika kitu chenye mtutu? Ndipo mama akaukumbuka upinde wa kaka yake.

“Vita tuliikimbia, mwanangu,” aliniambia. “Na nguruwe nao tuwakimbie? Kamlete.”

Alisema “kamlete,” kana kwamba upinde ni mtu.

Podo lile nililijua tangu utotoni. Ndani yake mishale ilikaa makundi mawili, na sisi watoto tulikatazwa kugusa lolote. Mshale mkavu ulikuwa wa paa na funo, nyama ya kuliwa. Mjomba alisilimu akiwa kijana, na kabla ya kuuachia alitaja jina la Mwenyezi Mungu. Akimkuta mnyama bado anapumua, alimchinja. Mshale uliozungushiwa uzi mwekundu ulikuwa na sumu. Huo ulikuwa wa nguruwe, ambaye sisi hatumli, lakini shemeji zake Wakristo wa Mueda walimfuata kwa furaha. Walikata na kutupa nyama iliyozunguka jeraha, iliyobaki wakaikausha kwa moshi.

Sumu yenyewe ilitokana na mbegu za mmea utambaao wa jamii ambayo wataalamu huiita Strophanthus. Mmea huo umezunguka nusu ya dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 daktari John Kirk, aliyesafiri na David Livingstone, aliikuta sumu hiyo kwa wawindaji wa bonde la Mto Shire, ambako waliiita kombe. Inasimuliwa kuwa aliiweka mfuko mmoja na mswaki wake. Aliposugua meno akahisi uchungu mdomoni, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Vielelezo vikapelekwa Uingereza, na Profesa Thomas Fraser wa Edinburgh akaichambua mpaka ikawa dawa ya ugonjwa wa moyo hospitalini. Kitu kilekile kilichomwangusha nguruwe kikawa kinapimwa kwa matone kwa wagonjwa wa Ulaya. Huyu Kirk ndiye baadaye aliyekuwa balozi wa Uingereza Zanzibar.

Na Ruvuma nayo ilimwona. Mwaka 1862 yeye na Livingstone walipopanda mto huu kwa mashua, walishambuliwa kutoka ukingoni kwa mishale na risasi za magobore kwa pamoja. Tangu enzi hizo, basi, upinde na bunduki vilikuwa vimeshakutana katika mto wetu. Bunduki ndiyo iliyoshinda taratibu. Kizazi cha mjomba walibaki wachache waliotunza upinde, wengi wao kwa sababu baruti ilikuwa ghali au haipatikani.

Turudi mpakani. Afisa yule angeweza kunikamata, na wasomaji wanaofanya biashara wazingatie jambo hili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya Tanzania, namba 5 ya mwaka 2009, inahesabu kuwa nyara karibu kila kitu kitokanacho na mnyama wa porini: ngozi, pembe, jino, mfupa, kwato, hata unyoya. Haijalishi kama ni kipya au cha marehemu, wala kama kimeshonwa kikawa mfuko. Wapo watu waliohukumiwa miaka 20 kwa kukutwa na nyara bila kibali. Msumbiji nayo ilikaza adhabu za ujangili mwaka 2014, ikaziongeza tena mwaka 2017. Anayedhani kuvuka mto ni kuikimbia sheria anahama jiko moja kwenda jingine.

“Ungelishona kwa ngozi ya mbuzi, tusingezungumza,” afisa aliniambia. Manyoya ya mishale yalikuwa ya kanga wa porini, lakini mende walikwisha kuyala, zikabaki nyuzi tupu. Sijawahi kuwashukuru mende kabla ya siku hiyo. Nilirudi Mtwara, nikalisalimisha podo kwenye ofisi ya maliasili na kupewa karatasi. Kesho yake nikavuka.

Nikapita Kionga, pembe ile ya ardhi ambayo Wajerumani waliishika tangu 1894 mpaka Wareno walipoichukua mwaka 1916, nikadhani mambo yamekwisha. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani nikateremshwa. Askari kijana aliuona upinde akarudi nyuma hatua mbili. Wenzake wakaja.

Sikumlaumu, ingawa nilitetemeka. Tangu mwishoni mwa mwaka 2022, kusini mwa Cabo Delgado na mkoani Nampula walizuka upya Naparama, vijana wanaochanjwa dawa ya kuzuia risasi na kuwakabili wapiganaji kwa mapanga, mikuki na pinde. Jina hilo lilivuma kwanza katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuelekea miaka ya 1990. Kwa askari, basi, mwanamume mwenye upinde barabarani si mwindaji. Ni mtu wa kundi fulani, na kazi ni kujua kundi gani. Nikajaribu kueleza habari za nguruwe. Kisha, kwa ujinga wa mkweli, nikamwonya asiguse mishale yenye uzi mwekundu kwa kuwa ina sumu.

Hapo nilikaa juani saa nne. Simu ya mwenyekiti wa kijiji chetu ndiyo iliyoniokoa. Vyembe vyote kumi na kimoja vikang’olewa na kubaki kizuizini. Nikafika nyumbani na upinde usio na mshale wala podo. Mama aliupokea kwa mikono miwili, akaulaza kitandani kwangu.

Kijijini amebaki mzee mmoja tu anayejua kazi hii. Nilimpelekea upinde, nikapiga goti na kumwamkia. Hakuuvuta. Aliupitisha sikioni, akaukunja kidogo tu, akasikiliza.

“Huu umekufa, mjukuu wangu,” alisema. “Umetundikwa miaka juu ya bati la moto. Ukiuvuta utakutoboa jicho.”

Kwa hiyo ilibidi tuanze upya, na hapo ndipo nilipoona jinsi elimu inavyoweza kukatika huku watu wakiwa hai. Mzee alinipeleka kutafuta mkole, fimbo iliyonyooka isiyo na vifundo, nene kama kifundo cha mkono. Tulipita miti mingi niliyoiona mizuri naye akaikataa bila kueleza. Ukipatikana mti, unakatwa mrefu kidogo kuliko kimo cha mwenye kuuvuta, kisha unachongwa upande wa tumbo tu, ule utakaomwelekea mpigaji. Mgongo, upande utakaotazama mawindo, huparuzwi zaidi ya ganda. Nyuzi za mti zikikatwa hapo, upinde utapasuka siku utakapouhitaji. Ncha zinapunguzwa zaidi kuliko katikati, ili mikono yote miwili ijikunje sawa. Mzee alipima kwa jicho, anachonga mara tatu, anakunja kidogo, anachonga tena. Tukauweka darini juu ya moshi wa jiko wiki tano, mbali na jua.

Ugwe tulisokota kwa ngozi ya mbuzi, ikiwa mbichi, tukaunyoosha kwa kutundika jiwe. Mishale ni matete ya Ruvuma, yananyooshwa juu ya makaa mpaka ukiuviringisha mmoja kiganjani hauyumbi. Manyoya ni ya bawa la jogoo wa mama, aliyelalamika kwa siku mbili. Mama namaanisha, jogoo hakupata nafasi. Vyembe vikafuliwa kutoka misumari ya inchi sita. Sumu mzee alikataa katakata, na sababu yake haikuwa dini.

“Watoto wamerudi wengi, hakuna aliyefundishwa nini asiguse,” alisema. “Nikiipika leo, nitazika mtu.”

Nilimuuliza kama zamani waliwinda karibu hapa. Alinyoosha mkono kuelekea Afungi. Sehemu ya mapori aliyoyapita ujanani iko leo ndani ya eneo la mradi wa gesi, takriban hekta 7,000, na watu wa Quitupo walihamishiwa makazi mapya ya Quitunda. Hakuongeza neno. Alinikumbusha habari ya Waata wa Tsavo, Kenya, waliofuma ndovu kwa pinde ndefu ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzivuta. Katika operesheni ya mwaka 1956 na 1957 wawindaji wao wengi walikamatwa na kufungwa. Mwaka 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana ili wawinde kihalali, nao haukudumu. Mtu alilala mwindaji, akaamka jangili. Sitaki jambo hilo litufike sisi kwa sababu ya mihogo.

Ndiyo maana, kabla ya mshale wa kwanza, nilikwenda kwa mwenyekiti naye akapeleka taarifa wilayani. Sheria ya misitu na wanyamapori ya Msumbiji ya mwaka 1999 ilimtaka hata mwindaji wa kitoweo awe na leseni, lakini pia ilitambua kumuua mnyama anayeshambulia watu au mali ikiwa hafukuziki, kwa idhini. Jibu lilichukua majuma matatu. Nguruwe hawakusubiri.

Usiku wa kwanza juu ya dungu nilikuwa na mzee. Mbalamwezi ilikuwa nzuri. Walipokuja niliwasikia kabla ya kuwaona, wakitafuna kama watu wanaokula wali mkavu. Hatua ishirini hivi. Nikavuta, mkono ukatetemeka, nikaachia. Ugwe ukanichapa ndani ya kifundo cha mkono nikapiga ukelele, mshale ukachoma tuta, na kundi zima likatimka. Mzee alicheka mpaka akashika nguzo.

“Mjomba wako naye alianza hivyo,” akaniambia. “Sogeza kiwiko nje.”

Usiku wa kumi na moja alipiga yeye, ameketi, bila kusimama. Dume kubwa lilikimbia hatua thelathini likaanguka. Jirani yetu anayetoka Mueda alikuja na wanawe wakalichukua, na kesho yake akatuletea debe la mahindi. Tangu hapo wanakuja mara moja moja. Matuta ya upande wa bahari yamepona, ya upande wa kichaka tumeyapoteza.

Vijana watatu waliorudi mwaka huu wanakuja jioni kwa mzee kujifunza. Mmoja ana shabaha kunizidi mbali, na sioni aibu kuandika hivyo. Safari ijayo ya Mtwara nimeagizwa misumari ya inchi sita kilo mbili, ngozi ya mbuzi iliyokaushwa, na tochi mbili za kuchaji kwa jua. Stakabadhi za dukani nitazihifadhi mfukoni, na ngozi nitaifunga juu ya mzigo, mahali inapoonekana.