Kosa la Mwanafunzi katika Ufundishaji kwa Kompyuta

Mwanafunzi aandikaye kwamba 52 kutoa 38 ni 26 huchukuliwa kuwa hajui kutoa. Brown na Burton (1978), waliotunga programu ya BUGGY nchini Marekani, walidhihirisha kwamba makosa mengi ya aina hiyo yana kanuni. Mtoto huyu, katika kila safu, hutoa tarakimu ndogo katika kubwa bila kujali ipi iko juu. Kwa hiyo 71 kutoa 45 atapata 34. Programu iwezayo kubashiri jibu hilo kabla halijaandikwa imemfahamu mwanafunzi kwa kiasi ambacho mwalimu wa darasa lililofurika hukifikia kwa nadra.

Ilitarajiwa basi kwamba kompyuta ikishaitambua kanuni potofu ya kila mmoja, itasahihisha hiyo tu. Lakini VanLehn (1990) alionyesha kuwa kanuni hizo si imara: mtoto huyohuyo huweza kuhama kosa moja akaingia jingine. Zito zaidi ni matokeo ya Sleeman na wenzake (1989). Wanafunzi wa aljebra waliosahihishwa kwa kufuata kosa lao hawakuwazidi wale waliofundishwa upya tu, ijapokuwa makundi yote mawili yalinufaika.

Corbett na Anderson (1995) walishika njia nyingine. Programu yao hukadiria, baada ya kila hatua, uwezekano kwamba mwanafunzi anaijua kanuni husika, kisha humteulia mazoezi kulingana na makadirio hayo. Katika hesabu yao, jibu sahihi huweza kuwa la kubahatisha, na kosa huweza kuwa la kuteleza.