Sikio la Mtawala: Madaraka na Uharibifu wa Viongozi katika Istiara ya Kisiasa

Istiara ya kisiasa ni utungo unaosimulia nchi isiyokuwepo ili kuisema nchi iliyopo. Aghalabu husemwa kwamba tungo za aina hii zina funzo moja, nalo ni kwamba madaraka humharibu kiongozi. Kauli hiyo ni kweli, lakini haielezi uharibifu huo hupitia njia gani. Mhadhara huu unashikilia kwamba tamaa ya tumbo, ambayo kila binadamu anayo, hugeuka kuwa mfumo wa utawala pale sikio la kiongozi linapozibwa na ulimi wake unapopindwa.

Mfano wa sikio lililozibwa ni Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotolewa mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa sababu amekusudia kufundisha uanasheria. Katika kujitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini. Kila mmoja alirudi na mapendekezo ya kuiendeleza nchi, na kila mmoja akatiwa kifungoni. Watawala hao hawaoneshwi hasa kama wezi. Ubovu wao ni kutostahimili kuambiwa kwamba kwingine mambo huendeshwa vizuri zaidi.

Hoja hii hueleweka kwa urahisi ikitazamwa kutoka Tunduma, mji wa mpakani katika Mkoa wa Songwe, ambao ulimegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016. Tunduma inapakana na Nakonde ya Zambia, na Wanyamwanga wanaishi pande zote mbili za mpaka ambao Waingereza na Wajerumani walikubaliana mwaka 1890. Mkazi wa hapo huweza kuvuka asubuhi na kurejea jioni akiwa amezijua bei na taratibu za upande wa pili. Kwa msomaji wa namna hiyo, mjumbe wa Kusadikika si kiumbe wa ajabu: ni mtu aliyevuka, akaona, akarudi, akasema. Kosa lake mbele ya watawala si safari, bali ulinganisho.

Ulimi uliopindwa unadhihirika katika Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya kitabu cha George Orwell, iliyochapishwa mwaka 1967. Ni kweli kwamba nguruwe wanaanza na tumbo, kwa kujitengea maziwa na matofaa. Hata hivyo, upendeleo huo unakuwa haki pale tu msemaji wao anapoutolea hoja. Baadaye amri za shamba zinabadilishwa kwa siri, neno baada ya neno, na wanyama wanaanza kuzitilia shaka kumbukumbu zao wenyewe.

Mwaka huohuo wa 1967 Azimio la Arusha liliweka miiko iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni au nyumba za kupangisha. Mwaka 1991 Azimio la Zanzibar liliilegeza miiko hiyo. Tofauti ni kwamba mabadiliko hayo yalitokana na kikao cha chama tawala, si wino wa usiku. Lakini msomaji wa Kitanzania hawezi kuzisoma amri za ukutani bila kuikumbuka miiko hiyo. Nayo Kaptula la Marx, tamthilia ya Euphrase Kezilahabi inayoikejeli safari ya viongozi kuelekea usawa, ilitungwa miaka ya 1970 ikachapishwa mwaka 1999.

Miisho ya kazi mbili za kwanza inatofautiana. Katika Shamba la Wanyama hakuna anayesikilizwa, na hatimaye nguruwe hawatofautishwi na binadamu. Katika Kusadikika mfalme anasikiliza kwa siku sita, kisha Karama na wafungwa wale wanaachiliwa. Kwa hiyo uharibifu si maumbile ya madaraka, una tiba. Lakini tiba hiyo ina upungufu mkubwa, kwa kuwa imetegemea huruma ya mtu mmoja. Mfalme mwingine angeweza kuondoka siku ya kwanza. Hapo ndipo maana ya shtaka la Karama inapojitokeza: alitaka kufundisha sheria, ili anayesema kweli asilazimike kungoja rehema ya sikio la mtawala.