Ramani ya Adui Atokaye Mlimani

Askari aliyezoea kusoma ramani, asimamapo Muhima, Kigali, akatazama bonde la Nyabugogo, hutambua upesi kwamba tope lililoko chini limetoka juu. Mto huo waanzia Ziwa Muhazi na kumwaga maji yake katika Nyabarongo; kila mteremko wa bonde lake huuchangia udongo.

Wachoraji wa ramani ya hatari ya mmomonyoko hufuata kanuni iliyotungwa Marekani na Wischmeier na Smith, ikachapishwa mwaka 1965 na kurekebishwa mwaka 1978. Huzidisha nguvu ya mvua, wepesi wa udongo kumomonyoka, urefu na ukali wa mteremko, mimea iliyofunika ardhi, na kinga aliyoiweka mkulima. Kwa kuwa ni kuzidisha, wala si kujumlisha, jambo moja likipungua nusu, hasara yote hupungua nusu. Mvua hatuiamrishi; matuta na majani twayaweza.

Lakini kanuni hiyo haihesabu maporomoko ya ardhi. Mafuriko na maporomoko ya Mei 2023 yaliua watu zaidi ya 130 nchini Rwanda. Kwa hiyo kamanda wa kikosi cha uokoaji, akikabidhiwa ramani ya mmomonyoko, hana budi kudai na ile ya maporomoko.