Sumukuvu: Huu Ushauri wa Kukausha Mahindi Ulitoka Wapi?

Kila msimu naulizwa: "Afisa, mahindi si yakionekana makavu inatosha? Turubai na vipimo vya nini tena?" Leo tujibu kwa ushahidi.

Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, hospitali zilipokea watu wengi wenye macho ya njano na ini lililoharibika. Taarifa zikapelekwa juu, wagonjwa wakahesabiwa: 317, na 125 kati yao walifariki. Wachunguzi wakalinganisha kaya za wagonjwa na za wazima wa kijiji hichohicho. Kumbe tofauti ilikuwa kwenye mahindi! Waliohifadhi yakiwa na unyevu, au ndani ya nyumba badala ya ghalani, walikuwa hatarini zaidi. Mwaka 2016 yakatukuta na sisi, Dodoma na Manyara: wagonjwa 68, vifo 20.

Kwa hiyo ushauri huu haukutungwa ofisini. Umetokana na watu waliougua.

Ukivuna, fanya hivi:

1. Anika juu ya turubai, usianike chini kwenye udongo.
2. Pima kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu, jaza mahindi theluthi moja, weka vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, tikisa vizuri, subiri dakika 15. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, unyevu umezidi asilimia 15. Isipoganda, bado endelea kuanika: lengo ni asilimia 13.5.
3. Chambua punje zilizooza, zilizovunjika na zenye ukungu.
4. Panga magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

Usijidanganye kwamba ugali ukiiva sumu imeisha. Moto wa jikoni hauiondoi.

Na sokoni je? Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu za kuvu. Siku chache baadaye ikayaruhusu, ila kwa cheti kinachoonyesha sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni.

Mwisho, mkiona watu wawili watatu wa kaya moja wana macho ya njano na wanatapika, wapelekeni zahanati upesi, na mchukue sampuli ya mahindi waliyokula. Msiseme wamerogwa. Taarifa ya mapema inaokoa kijiji kizima.