Upangaji wa Ardhi ya Umma Kando ya Barabara Kuu

Tangu Mji wa Serikali wa Mtumba ulipozinduliwa mwaka 2019, ardhi iliyo kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Morogoro, hususan Ihumwa, imekuwa ikitafutwa na wengi. Barabara ya mzunguko wa nje wa Jiji, yenye urefu wa kilomita 112.3, nayo imepangwa kupita kwenye bandari kavu ya Ihumwa. Palipo na malori hapakosi haja ya mafuta, chakula, gereji na mahali pa kulala. Chama cha msingi chenye akiba kina haki ya kuingia katika biashara hiyo. Lakini jengo la chama likisimama mahali pasipo halali, hasara ni ya kila mwenye hisa.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba, kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kinachopatikana ni haki ya kuitumia kwa muda. Kwa chama, haki hiyo huja kwa njia tatu:

(a) Hati miliki, ambayo muda wake hauzidi miaka 99, na hulipiwa kodi ya pango la ardhi kila mwaka.

(b) Mkataba wa upangishaji kutoka kwa mwenye hati. Mkataba huu hauwezi kupita miaka iliyobaki katika hati yake.

(c) Kibali cha kutumia hifadhi ya barabara. Hiki huweza kufutwa; haifai kujenga jengo la kudumu juu yake.

Muda ni jambo kubwa. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1973, ilikuwa ikiwapangisha watu viwanja vya Dodoma kwa miaka 33. Ilipovunjwa mwezi Mei 2017, Serikali iliagiza hati hizo zibadilishwe ziwe za miaka 99. Chama kinachokopa kwa miaka 15 huku upangaji wake umebakiza miaka 8 kinajitia kitanzi.

Umbali nao una sheria yake. Sheria ya Barabara Na. 13 ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi huwekewa alama ya X nyekundu, naye hubomoa bila fidia. Aliyekuwapo kihalali kabla ya hifadhi kupanuliwa huwekewa X ya kijani, naye hustahili fidia.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa hata shilingi moja, ni wajibu wa Bodi ya chama kufanya upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi. Kuhakikisha mpaka wa hifadhi kwa TANROADS. Kupata idhini ya mkutano mkuu. Na, ikiwa ni kukopa, kuomba ukomo wa madeni kwa Mrajis, kwa mujibu wa Sheria ya Vyama vya Ushirika Na. 6 ya 2013. Kituo cha mafuta huhitaji pia kibali cha EWURA kabla ya ujenzi kuanza.

Muhtasari wa mkutano mkuu, ramani ya kiwanja na stakabadhi zote vihifadhiwe katika jalada la chama, wala si nyumbani kwa kiongozi. Viongozi hubadilika, mali ni ya wanachama.