Diatomaiti: Jiwe Jepesi Lililobeba Baruti, Leo Labebeshwa Dawa

Ukitoka Nairobi kwenda Nakuru, ukishaupita mji wa Gilgil, kuna genge jeupe pe karibu na Ziwa Elmenteita. Hapo ni Kariandusi. Wengi wanapajua kwa mashoka ya mawe ya kale aliyoyafukua mwanaakiolojia Louis Leakey kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, lakini weupe huo nao una habari yake. Watu wamekuwa wakiuchimba tangu miaka ya 1940. Shika pande lake lililokauka, utashangaa kwa wepesi wake. Lisugue kwa kidole, linakuachia unga mwembamba. Lidondoshee tone la maji, tone linamezwa papo hapo.

Jiwe hilo ni diatomaiti, nalo limejengwa na viumbe. Diatomu ni mwani wa chembe moja, hauonekani kwa macho, unaoishi baharini, ziwani na hata kwenye dimbwi. Hufyonza silika iliyoyeyuka majini na kujijengea gamba la kioo lenye vipande viwili, kimoja kikiingia ndani ya kingine kama kikopo na kifuniko chake. Gamba lote limetobolewa matundu yaliyopangwa kwa safu, na kila spishi ina mpango wake. Diatomu wakifa, magamba huzama na kurundikana chini ya ziwa. Ziwa likikauka, hubaki tabaka jeupe. (Walio hai, tusiwasahau, ndio wanaotengeneza takriban moja ya tano ya oksijeni inayozalishwa duniani.)

Kinachouzwa katika jiwe hili kwa kweli ni uwazi uliomo ndani yake. Sehemu kubwa ya ujazo wa diatomaiti ni matundu matupu, ndiyo maana viwanda huitumia kuchuja bia na sukari, kuongeza kwenye rangi na kuua wadudu wa nafaka. Lakini kazi iliyoifikisha mbali zaidi ilianzia Ujerumani, kwenye unga uliochimbwa Lüneburg.

Mwaka 1847, mkemia Mwitaliano Ascanio Sobrero alitengeneza nitrogliserini, kimiminika kinacholipuka kwa mtikisiko mdogo tu. Alfred Nobel wa Sweden alitaka kukifanyia biashara, na mwaka 1864 mlipuko wa kiwanda cha familia yake mjini Stockholm ukamuua mdogo wake, Emil. Miaka mitatu baadaye Nobel alipata hati ya kumiliki uvumbuzi wake: nitrogliserini iliyonyweshwa kwenye unga wa diatomaiti, takriban sehemu tatu za kimiminika kwa sehemu moja ya unga. Kimiminika kikishanyonywa na matundu, mchanganyiko uliweza kufinyangwa, kufungwa kwenye karatasi na kusafirishwa bila kulipuka ovyo. Ndiyo baruti aliyoiita dainamaiti. Zipo hadithi kwamba aliigundua kwa bahati, mtungi ulipovuja ndani ya unga uliokuwa umefungashiwa. Nobel mwenyewe alizikana.

Nitrogliserini hiyo hiyo ilikuwa na upande wa pili. Sobrero alipoionja kidogo, kichwa kilimgonga vibaya, na wafanyakazi wa viwanda vya baruti walilalamikia maumivu yale yale. Sababu ni kwamba inatanua mishipa ya damu. Mwaka 1879 daktari Mwingereza William Murrell aliandika katika jarida la Lancet kwamba dozi ndogo huwatuliza wagonjwa wa moyo wenye maumivu ya kifua. Mwaka 1896, muda mfupi kabla ya kufa, Nobel akaandikiwa dawa hiyo na madaktari wake, naye akamwandikia rafiki barua akiicheka kejeli hiyo ya majaaliwa.

Dawa ya Murrell haikubebwa na diatomaiti. Lakini kanuni ya Nobel ndiyo inayowashughulisha wafamasia leo: chukua kitu kisichotulia au kisichotaka kutumika, kifiche ndani ya matundu ya madini, kisha kiachie pale unapotaka.

Kwa nini dawa ihitaji kubebwa? Dawa nyingi mpya hazipendi maji. Mgonjwa anameza kidonge, chembechembe zake zinapita tumboni bila kuyeyuka, na sehemu kubwa inatoka ilivyoingia. Tatizo mara nyingi ni fuwele: molekuli zimejipanga na kushikana barabara, na maji yanashindwa kuzing'oa. Ukizisukuma ndani ya tundu lenye upana wa nanomita chache, nafasi ya kujipanga hakuna. Zinabaki shaghalabaghala, na dutu iliyo shaghalabaghala huyeyuka haraka kuliko fuwele. Njia ya kuzijaza haina makuu. Dawa inayeyushwa kwenye kimiminika kama alkoholi, madini yanaloweshwa humo, kisha kimiminika kinavukizwa na dawa inabaki ndani.

Hapa diatomaiti inakutana na kikomo chake. Matundu yake mengi ni ya mamia ya nanomita, makubwa mno kwa molekuli moja moja. Watafiti wa Australia wameyajaza indometasini, dawa ya maumivu na uvimbe, wakaona sehemu ikitoka haraka na iliyobaki ikitoka polepole kwa siku nyingi. Hata hivyo, kwa kazi ya kuzuia fuwele inatakiwa silika yenye matundu madogo zaidi, na hiyo imetengenezwa na binadamu.

Walioitengeneza hawakuwa wakifikiria wagonjwa. Walikuwa wanasayansi wa kampuni ya mafuta ya Mobil, waliotafuta kichocheo cha kuvunja molekuli kubwa za mafuta ghafi. Mwaka 1992 walitangaza MCM-41. Siri yake ni vitu vya jamii ya sabuni, ambavyo vikiwa vingi majini hujikusanya kuwa vijiti. Silika huganda kuzunguka vijiti hivyo. Kisha mchanganyiko unachomwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500, sabuni inaungua na kuacha mifereji iliyonyooka, yenye upana wa nanomita 2 hadi 10. Unywele wa mtu una upana wa nanomita kama 80,000. Kuta za mifereji hiyo ni nyingi kiasi kwamba gramu moja ya unga huo ina eneo la takriban mita za mraba 1,000, hivyo gramu 7 au 8 zinatosha uwanja wa mpira.

Mwaka 2001 María Vallet-Regí na wenzake wa Chuo Kikuu cha Complutense, Madrid, waliujaza unga huo ibuprofeni na kupima jinsi inavyotoka. Mlango ukafunguka. Miaka miwili baadaye kundi la Victor Lin, wa Iowa State nchini Marekani, liliziba midomo ya mifereji kwa vizibo vidogo vinavyong'oka vikikutana na kemikali fulani, dawa isitoke kabla ya wakati. Wengine wametengeneza vizibo vinavyosubiri asidi, kwa kuwa mazingira ya uvimbe wa saratani yana asidi zaidi kuliko damu.

Diatomu naye hajaachwa. Mwaka 2015 watafiti wa Australia na Ujerumani walibadilisha jeni za spishi iitwayo Thalassiosira pseudonana ili gamba lake liote protini inayoshika kingamwili. Kingamwili zikaelekeza magamba kwenye chembe za saratani ya neva, yakiwa yamebeba dawa, na uvimbe ukapungua kwa panya.

Kwa panya, hilo lisisitizwe. Magazeti hupenda kuruka kutoka kwa panya hadi hospitali kwa sentensi moja, ilhali kati yake kuna maswali mazito: magamba yanaishia wapi mwilini, ini linayachukuliaje, kiwanda kinatoaje tani nzima yenye matundu sawasawa? Silika ambayo si fuwele huyeyuka taratibu mwilini na kutoka kwa mkojo, jambo la kutia moyo. Kilichosonga mbele zaidi ni kile kisichovutia vichwa vya habari, yaani kuyeyusha dawa ngumu ya kumeza. Fenofibreti, dawa ya mafuta ya damu, imekwisha kujaribiwa kwa watu ikiwa ndani ya silika yenye matundu, na damu yao iliipokea vizuri zaidi.

Hata hivyo, ukisoma kwenye pakiti ya vidonge vyako neno silika au silikoni dioksaidi, usidhani ndiyo teknolojia hii: hapo kazi yake kwa kawaida ni kuzuia unga usigandamane. Na diatomaiti inayouzwa kwa ajili ya wadudu wa mahindi si dawa ya binadamu. Usiilambe, na ukiinyunyiza ghalani funika pua na mdomo, kwani vumbi la silika, hasa iliyochomwa hadi ikawa fuwele, huharibu mapafu.