Kishale hakijaruka mstari

Swali ni lilelile kila mara: “Mbona nikibonyeza `j` kwenye Vim, kishale kinaruka mistari mingi?” Hakijaruka chochote. Kimeshuka mstari mmoja, kama kilivyoamriwa. Aya yako ya herufi 600 uliiandika bila kugusa Enter, kwa hiyo kwenye faili ni mstari mmoja. Dirisha lina upana wa herufi 80, basi Vim imeikunja ili uione yote, ikachukua mistari minane ya skrini. Andika `:set number` ujionee: namba inatokea kwenye mstari wa kwanza tu, ile saba ya chini yake haina kitu pembeni.

Na hesabu hiyo ina sababu. Vim ilirithi amri zake kutoka vi, ambayo Bill Joy aliiandika mwaka 1976, na watumiaji wake walikuwa waandishi wa programu. Kompaila ikisema kosa liko mstari wa 214, ni wa 214 kwenye faili, uwe umepanua dirisha au umelibana.

Swali lenyewe silichukii. Ninachokichukia ni dawa wanayopeana watu: “Bonyeza Enter kila ukifika herufi ya 80,” au “weka `textwidth=80` umalize kazi.” Haimalizi kitu. Gawa dirisha mara mbili, au fungua faili hiyo kwenye simu, na mistari yako ya herufi 80 itakunjwa upya. `j` itafanya yaleyale uliyoyalalamikia. Wakati huohuo umeshaharibu faili. Tafuta “haki za binadamu” kwa `/`: kama Enter yako iliangukia baada ya “haki za”, Vim itasema haijaona kitu, na maneno yapo mbele ya macho yako. Faili ya CSV ukiikata hivyo, rekodi moja inakuwa mbili na jedwali zima linavurugika. Kwenye Git, ukiongeza neno moja kisha ukapanga aya upya kwa `gq`, aya karibu yote itaonekana imebadilika, na mwenzako anayekagua hatajua ulichogusa hasa. Ukinakili matini hayo kwenye barua pepe, mistari inakatika ovyo. Kuna miradi iliyoamua upana wa mistari ya msimbo wake, nayo ina haki. Kishale hakihusiki katika uamuzi huo.

Dawa halisi ni fupi. `gj` inashuka mstari mmoja wa skrini, `gk` inapanda. `g0` na `g$` zinakupeleka mwanzo na mwisho wa mstari wa skrini. Ukichoka kubonyeza `g`, weka hii kwenye vimrc:

`nnoremap <expr> j v:count ? 'j' : 'gj'`

Fanya hivyohivyo kwa `k`. Sehemu ya `v:count` usiifute, ndiyo inayofanya `10j` iendelee kuhesabu mistari ya faili. Ongeza `set linebreak` ili maneno yasikatwe katikati, faili haiguswi. Wa Emacs hawana shida hii: tangu toleo la 23, kishale chao hufuata mistari ya skrini bila kuagizwa.

Hata ukishaweka hayo yote, `dd` bado hufuta mstari wa faili. Aya nzima ikitoweka, usiandike kingine chochote: bonyeza `u`, itarudi.